Swali lako la siku ya Idi

Mwanangu Zuhura,

Siku ya Idi, tukimenya vitunguu saumu vya pilau, uliniuliza kwa utani: "Mama, hivi ulimpenda ng'ombe kuliko sisi?" Nikacheka, wajomba zako wakacheka, ila swali lile nililala nalo. Ngoja nikujibu.

Hapana. Lakini ng'ombe hakuwahi kuniuliza nimechelewa wapi.

Karibu kazi yangu yote ilikuwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Kupe anamnyonya ng'ombe na kumwachia kijidudu. Tezi ya chini ya sikio inavimba, homa inapanda, mwisho mapafu yanajaa maji na ndama anakata roho na povu puani. Robert Koch, yule mtaalamu wa vijidudu kutoka Ujerumani, alivichungulia vijidudu hivyo hapahapa Dar es Salaam mwaka 1897, akadhani ni vya ugonjwa mwingine. Nilipokuwa mwanafunzi Morogoro habari hiyo ilinipa moyo: kumbe hata bingwa yule alikosea, tena mjini kwetu!

Chanjo ya ndigana ina maajabu. Unamchoma ndama kijidudu kilekile, kikiwa hai, na papo hapo unamchoma oksitetrasaiklini, dawa ya kuua vijidudu inayokaa mwilini siku kadhaa, ili augue kidogo, apone, kinga ibaki. Chanjo hiyo hutunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni ikikauka, umekwisha.

Unakumbuka sikuja kwenye mahafali yako ya darasa la saba? Nilikwambia gari limeharibika. Uongo. Kabla ya sikukuu sikuchovya kijiti kupima mtungi, nikarudi nikakuta sampuli zangu za miaka 2 zimeyeyuka. Kosa langu, si la mtu mwingine. Nilikaa sakafuni, ufunguo mkononi, nikaona haya kuja kukupigia makofi na macho yale mekundu.

Juzi nilipita mnada wa Pugu na mjomba wako. Mfugaji mmoja alishika sikio la mtamba wake, akamgeuzia mnunuzi aione hereni ya chanjo: "Huyu ameshachomwa ndigana. Bei yake si ya wale." Mnunuzi akanung'unika, akalipa. Nikasimama pale kwenye vumbi kama mjinga, natabasamu peke yangu.

Ukija Jumamosi niletee picha ya mahafali yale. Sina hata moja.

Mama yako