Halo ya 2011: kwa nini risasi zinagota hewani

SWALI: Nimeanza kucheza gemu ya risasi ya Halo: Combat Evolved Anniversary kwenye kompyuta, ndani ya mkusanyiko wa The Master Chief Collection. Michoro mipya inapendeza, lakini mara nyingi risasi zangu zinagota hewani kando ya mwamba, na maadui wananilenga hata nikijificha nyuma ya majani. Je, kadi yangu ya michoro ni mbovu? Na nicheze kwa michoro ipi, mipya au ya zamani?

JIBU: Kadi yako ni nzima. Hata ukishusha ubora wa michoro hadi chini kabisa kasoro hiyo itabaki, maana imo kwenye msingi wa gemu yenyewe.

Watengenezaji 343 Industries na Saber Interactive walipoitoa tena Novemba 2011, miaka kumi baada ya Bungie, watengenezaji wa kwanza, kuizindua kwenye Xbox ya kwanza, waliiacha injini ya zamani, yaani programu inayoendesha gemu, iendelee na kazi zote nzito: njia ya risasi, mipaka ya kuta, macho ya maadui, mwendo wa magari. Injini ya pili iliwekwa juu yake kwa ajili ya kuchora tu. Pale mchoraji alipoichonga upya miamba ikawa myembamba kidogo, risasi yako bado inakutana na mwamba wa 2001. Kwa majani mambo yamegeuka: kichaka kipya hakimo kabisa katika ulimwengu wa injini ya zamani, kwa hiyo wewe humwoni adui, naye anakuona kana kwamba umesimama uwanjani.

Unaweza kulithibitisha hili kwa dakika moja. Simama pale risasi zinapogota, usisogee, kisha bonyeza kitufe cha kubadilisha michoro (kwenye pedi ya Xbox 360 ni Back, kwenye kompyuta kitafute katika orodha ya vitufe ndani ya mipangilio). Utauona mwamba wa zamani umejaa pale pale ulipodhani pako wazi. Ifanye hiyo iwe desturi kila unapotaka kulenga kwa mbali ukiwa kando ya mwamba au mlango: badilisha, tazama ukingo halisi, kisha piga. Katika mkusanyiko huu mabadiliko hutokea papo hapo, tofauti na Xbox 360 ambako skrini ilififia kwanza.

Injini ile ile inayokusumbua ndiyo iliyoiokoa gemu hii. Elite, adui mrefu mwenye ngao ya nishati, bado anaruka pembeni akiona bomu la mkono, na ngao yake ikipasuka anarudi nyuma hadi ijae. Grunt, maadui wadogo, bado wanatawanyika kiongozi wao akianguka. Bastola bado ina risasi 12 na darubini ya mara mbili, na ukiishikilia bastola ya plazma hadi ichaji, pigo moja linaondoa ngao ya Elite ili umalizie kwa risasi ya kichwa. Ukokotoaji huo ukiguswa, hata kidogo, mapigano yote hubadilika ladha. Waliouacha walifanya uamuzi sahihi.

Uamuzi nisioukubali ni wa mwanga. Michoro mipya inang'arisha karibu kila kitu, na majengo yaliyokuwa matupu na ya kiza sasa yana taa na nakshi kila kona. Hasara kubwa iko kwenye misheni ya "343 Guilty Spark", ile ya kinamasi. Katika toleo la 2001 ukungu na giza vilikufichia yaliyo hatua chache mbele yako, na hofu yote ya misheni ilisimama hapo. Katika michoro mipya unaona mbali mno. Baadhi ya silaha na askari pia waliazimwa kutoka Halo: Reach, gemu nyingine ya mfululizo huu, hivyo sura yao haifanani na ile ya 2001. Kwa hiyo ushauri wangu: anza na michoro ya zamani, hasa kwenye kinamasi, na tumia mipya unaporudia misheni za nje zenye anga na bahari, kama "The Silent Cartographer", ambako inapendeza kweli.

Hakikisha tu mkusanyiko wako umesasishwa. Michoro "ya zamani" ya toleo hili haikutoka moja kwa moja kwenye Xbox; ilipitia toleo la kompyuta la 2003 lililotengenezwa na Gearbox, ambalo liliharibu sheda kadhaa, yaani programu ndogo zinazoamua mwanga na uwazi wa kila uso. Kasoro hizo zilirithiwa 2011 na zikarekebishwa katika mkusanyiko Oktoba 2021. Diski ya Xbox 360 ingali nazo, kwa hiyo usiitumie kuhukumu jinsi gemu ilivyoonekana mwanzoni.

Kuna udhaifu ambao michoro yoyote haiuondoi. Nusu ya pili inakurudisha katika maeneo uliyokwisha kupita, na "The Library" ni ghorofa baada ya ghorofa ya korido zinazofanana, huku Flood, viumbe vimelea wanaoteka miili, wakimiminika bila kukoma. Hapo shika bunduki ya marisau: inabeba risasi 12 ndani na 60 za akiba, na hupakiwa moja moja, kwa hiyo ongeza mbili tatu kila unapopata nafasi badala ya kungoja iishe. Bunduki ya kudungulia iache, kwani risasi zake hupenya miili ya Flood bila kuwaumiza sana. Flood waliovimba wapige wakiwa mbali, maana wakipasuka karibu mlipuko unakula ngao yako.

Muziki umerekodiwa upya kwa okestra kamili, nao una chaguo lake katika mipangilio ya sauti. Jaribu wa zamani pamoja na michoro ya zamani. Na kama ulipanga kucheza na mwenzako, skrini iliyogawanywa ipo kwenye Xbox tu. Kwenye kompyuta mtahitaji mashine mbili na intaneti.