Nilizima taa ili watishike, wakatoa simu

Juzi msomaji mmoja ameniuliza anunue mchezo gani wa mezani wa kutisha, ule wa kucheza kwa kushirikiana, maana anataka kuwa mtu ambaye wenzake hukusanyika kwake. Sote humu tunautaka huo ukuu, tusidanganyane. Basi acha nimsimulie aibu yangu ya Jumamosi.

Mimi nilinunua boksi. Nyumba gizani, mkono umetokeza dirishani, na ndani dadu nyeusi zenye alama nyekundu, nzito kama kokoto za mtoni. Nikaalika watu wanne, nikazima taa kubwa, nikasoma utangulizi kwa sauti ya chini chini. Shemeji akavuta kiti karibu. Hapo nikajiona bingwa.

Kueleza kanuni kulichukua dakika arobaini. Hizo tuziruke.

Mchezo wenyewe ndio huu: unaingia chumbani, unarusha dadu tatu, unatafuta jicho, nalo liko upande mmoja tu kati ya sita. Ukilipata, mlango unafunguka. Ukilikosa, pepo anasogea. Basi! Mezani kila mtu alidhani nafasi ni nusu kwa nusu. Wapi! Ni 91 kati ya 216, kama asilimia 42. Ukiongeza dadu ya nne ndipo unapita nusu, tena kwa kuponea chupuchupu: 671 kati ya 1,296. Wacheza kamari wa Ufaransa walikuwa wakiumiza vichwa kwa hesabu za namna hii hata kabla ya wanahisabati Pascal na Fermat kuandikiana barua kuzihusu mwaka 1654.

Kushindwa ningevumilia. Kilichoniua ni kwamba hapakuwa na la kuamua. Shemeji alipokosa mara ya tatu aliniuliza, "Sasa nifanyeje?" Nikamwambia asubiri zamu yake arushe tena. Akatoa simu. Nami kwa woga nikaanza kuwapangia: wewe panda darini, wewe rudi sebuleni. Mpaka mtoto wa dada yangu akasema, "Mjomba, si ucheze peke yako tu?" Wakacheka wote. Mimi mpaka leo sijaona cha kuchekesha.

Sasa linganisha na Pandemic ya Matt Leacock, ya mwaka 2008, mchezo wa mezani ambao wachezaji hushirikiana kuzuia magonjwa yasienee mijini: haina hata dadu moja, lakini jasho linakutoka. Ikitoka kadi ya mlipuko, kadi za miji iliyokwisha kuambukizwa huchanganywa na kurudishwa juu ya rundo. Unajua ni miji ipi inakuja, hujui itaanza upi. Hofu ya mezani iko hapo, kwenye kujua nusu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, soma kanuni kabla ya kununua. Tafuta mahali ambapo mchezaji anachagua: arushe tena au aridhike, abaki na dadu au ampe mwenzake. Usipopaona, acha boksi dukani hata likiwa zuri vipi. Kisha cheza zamu tatu peke yako kabla hujaita mtu. Na narudia, soma kanuni! Tunapenda mno mapambo, halafu tunawalaumu wageni kwamba hawajui kucheza. Mimi nililaumu wageni siku mbili nzima.

Pepo alitukamata saa nne na nusu usiku. Hakuna aliyeshtuka. Mwenye zamu alikuwa jikoni, na taa iliwashwa na mtu aliyekuwa anatafuta chaja.