Theluji ya mwanzo wa msimu: maswali yenu

Theluji haijafika hata magotini. Maporomoko yatatoka wapi?

Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Theluji haba huharibika upesi. Ardhi iliyo chini yake hubaki karibu na nyuzi 0, huku usiku usio na mawingu ukishusha joto la uso wa theluji hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Kina kikiwa sentimita 30, hiyo ni tofauti ya nyuzi 5 kwa kila sentimita 10, ilhali hata nyuzi 1 yatosha kuanza uharibifu. Mvuke hupanda kutoka chini na kuzigeuza chembe kuwa fuwele kubwa zisizoshikana. Chimba mpaka ardhini, chota konzi ya tabaka la chini, uifinye. Ikichuruzika vidoleni kama sukari, usilitegemee tabaka hilo dhoruba ijayo itakapolitwika mzigo.

Nianze kukagua upande upi?

Kaskazini mwa ikweta, anza na miteremko ya juu inayotazama kaskazini, ambako jua halikuimaliza theluji ya kwanza. Balaa ni kwamba mara nyingi hiyo ndiyo pekee yenye theluji ya kutosha kuteleza kwa skii! Pima na mwinuko: mabamba mengi, yaani matabaka ya theluji iliyoshikana, hukatika kati ya digrii 30 na 45. Palipolundikwa theluji na upepo, ongeza shaka.

Ili kupima uimara, nilikata safu ya theluji ya sentimita 30 kwa 90, nikaigonga juu mara 10 kwa kiganja, 10 kutoka kiwikoni, 10 kutoka begani. Haikukatika. Nipande?

Shimo moja hutoa habari za shimo hilo tu. Hatua chache mbele bamba laweza kuwa jembamba na kukatika kwa uzito wako. Mimi hulitumia jaribio hilo kutafuta sababu ya kurudi, si kibali cha kwenda. Na ukisikia theluji ikititia kwa mlio mzito, “vumm”, au ukiona nyufa zikikimbia kutoka miguuni, hakuna haja ya kuchimba. Ondoka mtelemkoni.

Poromoko dogo nalo ni hatari?

Sana. Mawe na visiki bado viko wazi au vimefunikwa kidogo tu, nawe utaburutwa juu yake. Korongoni, hata theluji kidogo hurundikana ikamfukia mtu.

Vifaa vya uokoaji je?

Redio ya kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ya kuchomea na koleo, kwa kila mmoja. Anayefukuliwa ndani ya dakika 10 ana nafasi nzuri ya kupona. Baada ya hapo nafasi hiyo huporomoka haraka, kwa hiyo waokoaji ni ninyi mlio naye.