Usishushe hedi! Kwanza tazama vali ya geji yako iko wapi

Mkuu, weka spana chini. Umeandika kwamba kwenye 1KZ-TE yako, injini ya dizeli ya Toyota, geji ya kupima mgandamizo inasoma psi 350 (psi ni kipimo cha presha) silinda zote nne, asubuhi inawaka kwa shida, fundi kashasema ringi za pistoni zimekwisha, zinavujisha hewa, na kesho hedi (kifuniko cha juu cha silinda) inashuka. Mimi kosa hilohilo nimelilipia shilingi milioni 3 na ushee.

Hebu jiulize: ringi za silinda nne zichoke sawasawa, zilikaa kikao?

Silinda moja ya injini hiyo ni cc 745, na mgandamizo ni 21.2 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, hewa yote hiyo inabanwa kwenye cc 37 tu. Sasa chukua mpira wa geji wenye tundu la milimita 6 na urefu wa sentimita 35: ndani mna kama cc 10. Vali ya kuzuia hewa isirudi ikiwa huku juu kwenye geji, hizo cc 10 zinakuwa sehemu ya chemba, yaani ile nafasi inamobanwa hewa. 21.2 yako inageuka 17. Piga stata mpaka betri ilie, namba haipandi. Kwenye petroli chemba ni kubwa zaidi, kwa hiyo hasara haionekani sana.

Muuzaji wa geji yangu aliniambia "hii inapima zote, bosi, tunabadilisha adapta tu". Adapta! Geji nyingi za petroli huishia psi 300, dizeli nzima inaweza kupita 400. Akanibadilishia saa ya geji (ile ya kusomea namba), mpira akaacha uleule. Bado namtafuta, kwa amani kabisa.

Nikashusha hedi. Ndani, mistari ya kiwandani kwenye kuta za silinda bado inaonekana kama daftari jipya. Fundi akasema "tushafika, tuweke ringi mpya". Tukaweka. Gasketi mpya, hedi ikapigwa plena (ikasawazishwa uso). Tukapima: 350. Ileile! Nilicheka mpaka mke wangu akatoka nje kuangalia.

Jirani akaniazima geji ambayo vali imekaa kwenye ncha inayofungwa kwenye injini. 470. Na ugonjwa wa asubuhi? Hita plagi mbili, zile za kupasha chemba wakati wa kuwasha, zimekufa. Nilizifungua kwa mikono yangu ili nipime, nikazirudisha bila kuzipima kwa mita. Usiniulize kwa nini.

Uliuliza pia presha ya mwako baada ya kuongeza busti (presha ya hewa ya turbo). Hiyo geji haiwezi, ni kazi ya kihisi cha piezo, kinachogeuza presha kuwa ishara ya umeme. Dizeli kali za sasa hupita bar 160. Na hapo napo kijitundu kirefu kati ya chemba na kihisi kinaleta mitetemo, grafu inacheza dansi.

Piga picha mpira wako pande zote mbili, uiweke hapa kabla fundi hajagusa boliti.