Nailoni juu ya sufuria ya githeri: ina madhara?

Swali: Habari daktari. Nauza githeri na chai hapa Kondele, Kisumu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifunika githeri kwa karatasi ya nailoni, ile inayotoka ndani ya gunia la sukari, halafu naweka mfuniko juu. Inaiva haraka na makaa hayaishi. Sasa binti yangu ana mimba ya miezi mitano na anakula hapa kwangu kila siku. Amenikataza hiyo nailoni, ati inaleta saratani. Tena ameona ndoo ninayowekea githeri ikishaiva, ilikuwa ya rangi ya nyumba lakini niliiosha vizuri kabisa. Je, ni kweli? Na nikiacha nailoni nifanyeje, maana makaa yamepanda bei? – Mama wa kibanda, Kondele.

Jibu: Mama, iache hiyo nailoni kuanzia sufuria ya kesho. Binti yako hajakosea, ingawa sababu yangu si ile aliyokupa. Hakuna mtaalamu mkweli atakayekuambia kwamba githeri ya nailoni ndiyo iliyompa fulani saratani. Tunachokijua vizuri zaidi ni jinsi baadhi ya kemikali za plastiki zinavyoingilia homoni, na anayeumizwa zaidi na jambo hilo ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu viungo vyake ndivyo vinaumbwa sasa.

Nianze na karatasi yenyewe. Hiyo tunayoiita nailoni ni plastiki ya polithini, na polithini tupu si sumu. Lakini haiuzwi ikiwa tupu: huongezwa dawa za kuizuia isiharibiwe na joto na jua, dawa za kuifanya iteleze, rangi, na wino wa maandishi. Vitu hivi havijashikamana na plastiki moja kwa moja, vinaweza kutoka. Vinatolewa na joto, mafuta na muda, na githeri inayotokota saa tatu ikiwa imewekwa mafuta ina vyote vitatu. Ile karatasi ilitengenezwa kushika sukari kavu stoo. Na hiyo ni ya sukari, angalau ilitoka kwenye chakula. Wapo wanaofunika kwa majuala yanayopenyezwa nchini kimagendo tangu mifuko ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na hayo hayana hata jina la aliyeyatengeneza.

Itazame siku moja unapoifunua. Katikati imelegea na inatona maji, na kila tone linarudi chakulani. Pembeni, pale inapobanwa kati ya mfuniko na ukingo wa sufuria, imejikunja na kuwa ngumu, na vipande vimegandia chuma. Hapa Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji huchemka kwa nyuzi kama 96 tu. Polithini laini huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 105 hivi. Mvuke peke yake hauiyeyushi, lakini moto wa makaa unapanda ubavuni mwa sufuria na kuuchoma ukingo kupita kiwango hicho. Hayo magando unayoyakwangua wakati wa kuosha ni plastiki iliyoyeyuka, na si yote iliyobaki ukingoni.

Kuhusu homoni, kuna kemikali mbili zinazotajwa sana. Ya kwanza ni bisifenoli A, ambayo wengi huiita BPA. Hutumika kutengeneza plastiki ngumu inayoangaza, kama baadhi ya yale madumu makubwa ya maji ya ofisini, na pia utando wa ndani wa baadhi ya mikebe ya chakula. Tangu miaka ya 1930 ilijulikana kwamba inaiga estrojeni, homoni ya kike. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na mwaka 2023 mamlaka yao ya usalama wa chakula ikapunguza kiwango ambacho mtu anaweza kukipata kwa siku bila madhara, mara 20,000 chini ya kile cha awali. Ya pili ni thaleti, zinazolainisha plastiki ya PVC. Katika majaribio ya wanyama, baadhi yake zilipunguza homoni ya kiume kwa vijusi na kuharibu ukuaji wa viungo vya uzazi.

Nailoni yako kwa kawaida haitengenezwi kwa hizo mbili, na sitaki ulale na hofu isiyo na msingi. Tena mwili hauziweki muda mrefu. Sehemu kubwa ya BPA na thaleti hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo binti yako akiacha kuzipata leo, faida anaiona wiki hii hii.

Ndoo ndiyo iliyonishtua. Plastiki hunyonya. Sabuni na steli waya husafisha uso tu, na kilichoingia ndani kinangoja chakula cha moto kije kukitoa. Ifunge mfuniko, iweke juani saa moja, kisha uifungue na kuinusa. Mara nyingi harufu ya rangi itakupokea. Hata isiponuka, haikutengenezwa kwa chakula. Itumie kufulia au kubebea takataka. Na dumu lililokuwa na dawa ya shamba lisiguse hata maji ya kunywa, lioshwe lisioshwe.

Ukinunua chombo kipya, kigeuze utafute mchoro wa glasi na uma, ambao maana yake ni kwamba kimekusudiwa chakula. Halafu tazama namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 5 inastahimili joto kuliko nyingine. Namba 2 ni nzuri kwa maji baridi, na mtungi wako wa njano uliokuja na mafuta ya kupikia, ukiwa mzima, endelea kuuwekea maji bila wasiwasi. Namba 1 ni chupa za soda na maji: usiwafungie mafundi chai ya moto humo, hasa ya maziwa, maana maziwa yana mafuta. Namba 3, 6 na 7 usizitumie kwa chochote cha moto. Githeri iliyoiva ibaki kwenye sufuria yake, na chai kwenye chupa ya chai ya chuma.

Sasa makaa, maana najua hapo ndipo biashara ilipo. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa mapya. Hilo peke yake linapunguza muda kuliko nailoni ilivyowahi kupunguza. Funika kwa majani ya ndizi yaliyopitishwa motoni yakalegea, kisha mfuniko mzito, na jiwe safi juu. Mvuke hautatoka. Ukiweza, pata kikapu cha kuhifadhi joto, kile kilichojazwa vitambaa au pamba: githeri ikikaribia kuiva unaihamisha humo na jiko unalipa kazi nyingine. Ila maharagwe, hasa mekundu, yachemke kwa nguvu angalau nusu saa kabla ya kuingia kikapuni, kwa sababu yana sumu yake ya asili ambayo joto la polepole haliiui. Wateja wataharisha na utadhani ni maji.

Kwa binti yako: mtoto akizaliwa, miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Ikibidi kumpa kitu kingine baadaye, ampe kwa kikombe. Watafiti wa Ireland waliotia maji ya moto kwenye chupa za watoto za namba 5 walikuta mamilioni ya vipande vidogo sana vya plastiki katika lita moja, na kadiri maji yalivyokuwa moto ndivyo vilivyozidi. Maji yachemkie kwenye sufuria na yapoe humo humo.

Na zile nailoni zilizobaki, usiwashie jiko. Moshi wa plastiki, hasa ikiwa na PVC ndani yake, hutoa kemikali za sumu ziitwazo dayoksini, na moja kati ya hizo iliwekwa mwaka 1997 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hapo neno la binti yako lina uzito wote. Washa kwa vijiti au maganda ya mahindi.