Ndege Hafuati Ua: Kuchora na Kupiga Picha Muwati Unapochanua

Kosa la kwanza katika picha za ndege na muwati, mti wa Australia wa jamii ya Acacia (wattle), huonekana hata kabla ya kutazama rangi. Mchoraji amezamisha mdomo wa ndege katikati ya ua, kama ndege chozi kwenye ua la mshubiri. Muwati hauna cha kunyonywa humo. Kile kitufe cha manjano ni mkusanyiko wa maua madogo mno, arobaini na zaidi katika kitufe kimoja cha muwati wa dhahabu (Acacia pycnantha), na unachokiona kwa macho ni nyuzi za chavua tu. Mbochi hakuna. Utamu uko kwenye jani: karibu na kitako chake, kwenye ukingo wa juu, kuna tezi ndogo kama chunusi inayotoa maji matamu. Ndege hutua kwenye kitawi, huinama kando kuifikia tezi, na uso wake hujisugua kwenye vitufe. Ndivyo chavua inavyosafiri.

Ukilijua hilo, utajua pa kulenga kamera, pa kusimama, na mkao wa kumpa ndege kwenye karatasi.

Muwati wa dhahabu ni ua la taifa la Australia tangu 1988, na tarehe 1 Septemba ndiyo siku yake. Kwao ni kusini-mashariki, yaani Australia Kusini, Victoria, New South Wales na eneo la Canberra, na huchanua zaidi mwishoni mwa baridi ya huko, Agosti na Septemba. Watu wa Njombe na Lushoto wanamjua ndugu yake, Acacia mearnsii, aliyeletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya magome ya kusindikia ngozi. Huyo unaweza kumtumia kujizoeza, lakini usimfanye kielelezo cha muwati wa dhahabu. Majani yake yamechanika vipande vidogo kama unyoya na maua yake yamepauka. “Jani” la muwati wa dhahabu kwa hakika ni kikonyo kilichotanuka na kuwa bapa, kimepinda kidogo kama mundu, kigumu kama ngozi. Wala usiuchoree miiba. Miiba ni ya migunga yetu, ambayo hata jina la Acacia ililipoteza kufuatia uamuzi wa wataalamu wa mimea mjini Vienna mwaka 2005. Siku hizi inaitwa Vachellia na Senegalia. Picha za kuigia unazozikuta mtandaoni bado huwachanganya hao wote, kwa hiyo angalia jani kwanza, ua baadaye.

Tukija kwenye kamera, adui mkubwa ni manjano yenyewe. Manjano iliyokolea hujaza mkondo wa rangi nyekundu kabla ya ile mingine, na grafu ya mwangaza ya jumla haikuonyeshi. Unaporudi nyumbani unakuta vitufe vimekuwa madoa bapa, nyuzi zote zimepotea, na hakuna programu ya kuzirudisha. Washa histogramu ya rangi tatu, punguza mwangaza kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima (stopu moja hupunguza mwanga kwa nusu), na upige kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Ukiwa unapiga JPEG, shusha ukolezi wa rangi kwenye kamera yenyewe. Wakati wa kuhariri, ukihisi hamu ya kuongeza manjano, iache. Ongeza giza kwenye kijani kilicho nyuma, manjano itawaka yenyewe.

Kitufe kina upana wa milimita 8 hivi. Kwa lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) na sensa ya milimita 36 kwa 24, ukipiga kwa nusu ya ukubwa halisi na uwazi wa lenzi wa f/8, sehemu iliyo kali ni kama milimita 3 tu. Ukifika ukubwa kamili inabaki milimita 1. Basi kulenga “kitufe” hakutoshi: lenga ncha za nyuzi zilizo upande wako, uache mgongo wa kitufe uyeyuke. Fokasi ya kujiendesha huhangaika hapa kwa sababu ukingo wa kitufe ni manyoya matupu, hauna mstari, tumia mkono. Kuunganisha picha nyingi za fokasi tofauti kunafaa ndani ya nyumba. Nje, upepo mdogo tu huliyumbisha shada, na picha kumi hazitalingana hata kidogo.

Mwanga wa huko huwashangaza waliozoea jua la ikweta. Katikati ya Agosti, jua la Melbourne saa sita mchana halipandi zaidi ya nyuzi 38 hivi, na liko kaskazini. Una mwanga wa mshazari karibu siku nzima. Siku ya mawingu membamba ndiyo bora kwa ua peke yake. Jua la pembeni ni bora kwa ndege.

Kwa ndege, chagua kwanza tawi. Tafuta tawi la usawa wa macho ambalo mashada na vitako vya majani viko kwenye bapa moja, sambamba na sensa, na nyuma yake pawe na kivuli mita kadhaa. Kisha subiri. Kwa lenzi ya milimita 400 na sensa niliyoitaja, ukiwa mita 6 unaona upana wa sentimita 54. Phylidonyris novaehollandiae, ndege mweusi na mweupe mwenye doa la manjano bawani, ana urefu wa sentimita 18 hivi, kwa hiyo atachukua theluthi ya picha na maua yatapata nafasi yao. Kwa kinengenenge wa huko, Zosterops lateralis, mwenye sentimita 12, sogea hadi mita 4, ila hakikisha lenzi yako inafokasi umbali huo. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde. Ndege hawa hawatulii. ISO (unyeti wa sensa kwa mwanga) ya 3200 yenye chenga ni afadhali kuliko kichwa kilichofifia. Usicheze sauti za ndege kwa simu ili kuwaita, maana huo ni msimu wa viota.

Kuna ndege mwingine ambaye wengi humsahau kwa sababu haji kwa utamu kabisa: kakatua mweusi mwenye mkia wa manjano, ndege wa jamii ya kasuku. Yeye hutafuta viluwiluwi vya wadudu wanaotoboa shina. Ukiona vibanzi vya mti vimezagaa chini ya muwati na gome limebanduliwa, hapo ndipo pa kurudi. Mashavu na mkia wake hujibu rangi ya maua, na mwili mweusi hukupa utulivu ambao picha ya manjano tupu haina.

Wachoraji wa rangi za maji, karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na kitufe kikuzwe mara mbili au tatu. Anza na manjano baridi ya limau, nyembamba, kwenye duara zima. Kabla haijakauka, dondosha manjano ya joto upande wa kivuli ijisambaze yenyewe. Ikikauka, paka kijani cheusi kwenye nafasi kati ya kitufe na kitufe badala ya kuchora ukingo wa vitufe. Huo mstari wa kalamu unaozunguka duara ndio unaofanya muwati uonekane kama rundo la machungwa. Mwisho, kwa guashi (rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga) nyeupe iliyotiwa manjano, gusa vidoti ukingoni kwa ncha ya brashi. Usitie kivuli kwa nyeusi, itageuka kijani cha zeituni. Tia tone la zambarau kwenye manjano, tone tu, ukizidisha unapata tope.

Halafu vitufe visiwe vyote vya rangi moja. Shada la kweli huwa na machipukizi ya kijani, yaliyofunguka, na yaliyopita umri yenye hudhurungi. Chora papo hapo mtini. Tawi lililokatwa hunyauka upesi kwenye chumba chenye joto, na kukata mimea katika hifadhi ni kosa kisheria.

Chavua ikidondokea lenzi, ipulize kwa pampu ya mpira. Kitambaa huisambaza ikawa ukungu wa manjano. Na ukiwa umeinamia shada kwa muda mrefu, vaa kofia: kuanzia Agosti hadi Oktoba magpie wa Australia, ndege weusi na weupe, hulinda viota vyao kwa kuwashukia watu kutoka nyuma.