Zamu yako ya kupokea jumuiya ikifika, pika ulichonacho

Mara ya kwanza jumuiya yetu, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja kwa zamu nyumba kwa nyumba, kusali kwangu, nilikopa kwenye kikoba ili nipike pilau. Nyama kilo tatu, kachumbari, kreti mbili za soda, viti vya kukodi. Watu walikula wakashiba, wakanisifu, na usiku ule nikamshukuru Mungu kwa kunijalia kuwakirimu wenzangu.

Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya mama mmoja mjane anayeuza mkaa mtaa wa nyuma. Akatuma ujumbe kwamba anaumwa. Wiki mbili zikapita hajaonekana kwenye sala. Nikaenda kumjulia hali, nikamkuta mzima kabisa, anapanga mkaa kwenye makopo. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini: "Dada, baada ya pilau ile, mimi ningewapa nini?"

Wakorintho walikusanyika kula chakula cha Bwana, mmoja ana njaa na mwingine amelewa, na Paulo akawauliza kama wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu (1 Wakorintho 11). Sura hiyo nimeisikia miaka mingi. Sikuwahi kuisikiliza nikifikiria sufuria yangu.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi, nyumba kwa nyumba. Nyumba hizo ni pamoja na chumba kimoja cha kupanga chenye ndoo mbili za kukalia. Mezani kwetu pakiwa mahali pa kushindana, wenye vyumba hivyo wataanza kuumwa kila zamu yao inapokaribia.

Kwa hiyo nakushauri upike ulichonacho. Chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha inatosha. Usikope. Petro anaposema tukaribishane pasipo kunung'unika, naamini manung'uniko mengi huzaliwa na deni la karamu, maana nililipa lile la pilau miezi minne na kila rejesho lilinipunguzia furaha. Kama una uwezo wa kupika zaidi, pika siku nyingine, umwite yule asiyeweza kukurudishia. Yesu alilisema wazi kwa mwenyeji wake katika Luka 14, na kwetu mjini yupo: kijana wa bodaboda anayekula amesimama, mlinzi wa geti, mama mgonjwa wa chumba cha pili. Jirani Mwislamu naye mwite, ila nyama ununue anakoiamini yeye.

Halafu kaa ule nao. Zamani mimi nilikuwa nawanawisha wageni, nawapakulia, kisha narudi jikoni, nikidhani ndiyo adabu. Mgeni anayeachwa na sahani yake anakula haraka aondoke. Chukua mkeka, kaa chini, mle sinia moja kama mnaweza. Mambo mazito ya watu nimeyasikia mkono ukiwa kwenye sinia, ugali umebaki kidogo na hakuna anayetaka kuumaliza.

Lakini jambo lililonibadilisha zaidi ni kula kwa yule mjane. Siku ile nilipomjulia hali alikuwa ameivisha ugali na mchicha. Akasema karibu. Mdomoni nilikuwa na lile jibu letu la kila siku, "Asante, nimeshiba," na nilidhani namwonea huruma, chakula chenyewe kidogo. Nikanawa, nikala. Nilimwona akinyooka mgongo. Tangu hapo naisoma Injili nikitazama ni mara ngapi Yesu anakula kwa watu: kwa Zakayo, kwa Martha na Mariamu, kwa Simoni Mfarisayo. Hata kule Emau aliingia kama mgeni, na mgeni huyo ndiye aliyeumega mkate. Ukiwa mtu wa kutoa tu, hujampa mwenzako nafasi ya kuwa mwenyeji. Maskini akikukaribisha, kula.

Nilimwomba mwenyekiti wetu tukubaliane: kwenye zamu, chai na kitu kimoja tu, kwa kila nyumba. Wengine waliguna, kisha wakazoea. Zamu ya yule mama ilipofika tena tulikaa nje, kwenye mikeka ya majirani, vikombe vya kuazima. Alitupa viazi vitamu vya moto na chai ya tangawizi. Vilipokwisha, aliingia ndani akatoka na sufuria ya pili.